Fizi na Baraka: Kutu inakula magari kutoka chini, kiangazi ndicho wakati wa kuizuia

Katika mji wa Baraka na eneo la Fizi, jimboni Kivu Kusini, gari linalokufa mapema si lazima liwe limeshindwa na moteri. Mara nyingi linashindwa na shasi. Rangi ya juu bado inang'aa, moteri inawaka kila asubuhi, lakini chini, mahali ambapo macho ya mwenye gari hayafiki, chuma kimekuwa maganda mekundu yanayoanguka vipande vipande.

Ugonjwa huo hauchagui mahali pa kujitokeza. Resori inaweza kung'oka kwenye shimo, gari likiwa na mzigo. Mrija wa freni unaweza kupasuka kwenye mteremko. Tanki la mazuti linaweza kuanza kuvuja katikati ya safari, mbali na garaji yoyote. Kwenye barabara ambako abiria wanakaa juu ya magunia, hitilafu ya namna hiyo si hasara ya pesa peke yake.

Watu wengi wanalaumu mawe na mashimo. Ni kweli kwamba mawe yanakwangua rangi na kuacha chuma uchi. Lakini kinachomaliza chuma hicho ni potopoto yenye maji, ambayo inaachwa imeshika chini ya gari siku baada ya siku. Na dawa yake ya kwanza haiuzwi dukani. Ni kuosha, kukausha na kuangalia.

Barabara inayolowesha chuma

Barabara ya kitaifa nambari 5 ndiyo uti wa mgongo wa sehemu hii ya Kivu Kusini. Inatoka Bukavu, inapita Uvira, inafuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kupitia vijiji kama vile Makobola, Mboko na Lusenda hadi Baraka. Kutoka hapo inapanda milima kuelekea Fizi, kisha inaendelea kusini upande wa Kalemie.

Juu ya barabara hiyo na njia zinazoungana nayo hupita karibu kila kitu ambacho wakaaji wanahitaji: mihogo, mawese, ndakala, simenti, chumvi, dawa za hospitali na misaada kwa wakimbizi na watu waliohama makwao. Makamyo aina ya Fuso, Land Cruiser za mashirika ya misaada, magari madogo ya abiria na pikipiki, vyote vinatumia njia moja.

Maji yanaingia katika safari hiyo kwa njia nyingi. Mito na vijito vinashuka kutoka milima mirefu ya magharibi na kukata barabara kabla ya kuingia ziwani. Mto Mutambala, ambao sekta moja ya Fizi inachukua jina lake, ni mmojawapo. Pale daraja linapochukuliwa na mafuriko, au pale ambapo halikujengwa kabisa, gari linashuka mtoni na kuvuka ndani ya maji.

Ziwa lenyewe limeongeza shida. Kuanzia mwaka 2020 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika makao ya watu kwenye fuo za Kongo, Burundi na Tanzania, na mwaka 2024 yalipanda tena sana. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga unaopita Kalemie, kwa hiyo maji yakipanda hayapungui haraka. Gari lililolala usiku mmoja ndani ya maji ya mafuriko linabeba udongo katika sehemu ambazo bomba la kuoshea halifikii kwa urahisi.

Baada ya hapo msimu wa mvua unaendelea. Katika eneo hili mvua huanza karibu mwezi wa 9 au wa 10 na kuendelea hadi mwezi wa 5. Kwa muda wote huo gari linaloenda kazini kila siku halipati nafasi ya kukauka chini.

Kutu inaanza namna gani

Chuma kinahitaji vitu viwili ili kishike kutu: maji na hewa. Kikiondolewa kimoja, kutu haiendelei. Ndiyo maana nondo iliyo kavu ndani ya nyumba inakaa miaka mingi, na nondo iliyotupwa kwenye majani mabichi inageuka nyekundu katika siku chache.

Maji yanayotiririka na kukauka haraka hayadhuru sana. Shida ni maji yanayokaa. Potopoto iliyoshika chini ya gari inafanya kazi kama kitambaa kilicholowa: nje inaonekana imekauka na kuwa nyeupe, lakini ndani, pale inapogusa chuma, bado ni mbichi. Gari linaweza kuegeshwa juani kwa siku mbili na chuma kikaendelea kuliwa chini ya ganda hilo.

Joto la ufuo wa ziwa linaongeza mwendo, kwa sababu kutu inakwenda haraka zaidi palipo na joto na unyevu kuliko palipo na baridi kavu.

Kutu nayo ikishaanza inajisaidia yenyewe. Ganda lake linachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholizaa, kwa hiyo linavimba, linainua rangi iliyo pembeni na kufungua njia mpya ya maji. Tena ganda hilo lina matundu madogo yanayonyonya unyevu. Ndiyo sababu doa dogo la mwaka huu linaweza kuwa tundu miaka michache baadaye, hata kama hakuna jiwe lingine lililoligonga.

Sehemu zinazoumia kwanza zinajulikana. Ni pale ambapo potopoto inaingia na haitoki: ndani ya mihimili ya shasi, juu ya ponti ya nyuma pale shasi inapopinda, pale vishikio vya resori vinapofungwa, chini ya tairi la akiba, juu ya tanki la mazuti, na mahali ambapo kabini au karoseri inakalia shasi.

Watengenezaji wa magari waliacha matundu madogo chini ya mihimili ya shasi na chini ya milango ili maji yatoke. Dereva wengi hawayajui. Yakizibwa na udongo, muhimili unageuka kuwa mfereji uliofungwa, na maji yanakaa ndani yake msimu mzima.

Ziwa si bahari, lakini chumvi ipo

Wako wanaoamini kwamba magari ya Baraka yanaoza kwa sababu ya chumvi ya ziwa. Hilo si sahihi. Ziwa Tanganyika ni la maji baridi. Lita moja ya maji yake ina chini ya gramu moja ya madini yaliyoyeyuka, wakati lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35. Gari la Baraka haliko katika hali moja na gari linaloegeshwa ufukweni mwa Mombasa au Dar es Salaam.

Lakini chumvi inaingia kwa mlango mwingine, nao ni mzigo. Uvinza, upande wa Kigoma nchini Tanzania, ni mahali pa chumvi tangu zamani sana, na chumvi hiyo imevuka ziwa kwa vizazi vingi. Magunia ya chumvi yakinyeshewa juu ya kamyo, maji yanayotiririka kutoka kwenye karoseri ni maji makali ya chumvi, na yanaanguka moja kwa moja juu ya shasi. Hali ni hiyo hiyo kwa samaki waliotiwa chumvi.

Chumvi ina tabia mbili mbaya kwa chuma. Ya kwanza, inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ya pili, inavuta unyevu wa hewani. Unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75, punje ya chumvi ya kupikia inaanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa maji. Katika usiku wa mvua kwenye ufuo, chumvi iliyobaki chini ya kamyo inalowa hata kama gari liko chini ya paa.

Kwa hiyo kamyo lililobeba chumvi au samaki wa chumvi linahitaji kuoshwa chini kwa maji safi baada ya kushusha, hata kama halikukanyaga potopoto.

Gari linaweza kufika likiwa limeshaumwa

Sehemu kubwa ya magari yanayonunuliwa mashariki mwa Kongo ni ya mtumba. Yanatoka Japani, Ulaya au Dubai, na mengi hupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Gari kama hilo lina historia ambayo mnunuzi wa Baraka hakuiona.

Katika nchi za theluji, serikali hutawanya chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Hivyo ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya Ulaya, na pia kaskazini mwa Japani, hasa kisiwa cha Hokkaido. Gari lililotumika huko miaka 10 linaweza kuwa na viti safi na moteri nzuri, na shasi iliyoliwa.

Hata gari la kampuni kubwa halina kinga ya kudumu. Mwezi wa 11 mwaka 2016, Toyota ilikubali nchini Marekani mapatano ya kumaliza kesi kuhusu shasi zilizoshika kutu kupita kiasi kwenye magari ya aina ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Mapatano hayo yalihusu karibu magari milioni 1.5, na gharama yake ilikadiriwa kufika hadi dola bilioni 3.4. Wamiliki walilalamika kwamba shasi hazikuwa zimepakwa kinga ya kutosha. Kama hilo linatokea kwenye barabara za lami, gari la mtumba linalopanda mlima wa Fizi linastahili kuangaliwa mara mbili.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kufanya mambo manne yasiyohitaji mashine. Kwanza, alale chini ya gari akiwa na taa, asitosheke na kuinama pembeni. Pili, agonge shasi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito, na maganda yanaanguka. Tatu, asukume ncha ya turnevisi pale anapoona uvimbe. Nne, aogope rangi nyeusi mpya inayong'aa chini ya gari kuukuu. Rangi hiyo inaweza kuwa kinga nzuri, lakini inaweza pia kuwa imepakwa juu ya kutu ili isionekane.

Muuzaji anayekataa gari lisigongwe kwa nyundo ameshatoa jibu.

Mafuta ya vidanje: dawa yenye madhara

Katika magaraji mengi, mashariki mwa Kongo na katika nchi jirani, kinga inayotumika zaidi ni mafuta machafu ya moteri, yale yanayotolewa wakati wa vidanje. Yanapakwa kwa brosi au kupulizwa chini ya gari. Sababu yake inaeleweka: ni ya bure, na kwa siku chache maji kweli hayashiki chuma.

Lakini hesabu yake si nzuri. Mafuta yaliyokwisha kutumika yamebeba asidi, maji na masizi kutoka ndani ya moteri. Hayakauki, kwa hiyo yanashika vumbi na kulifanya tabaka zito. Gari likivuka mto mara kadhaa, sehemu kubwa inaondoka na maji. Yakigusa mipira ya resori na ya shasi, mipira inavimba na kulegea. Yakifika kwenye viatu vya freni, gari halisimami inavyotakiwa.

Kwa fundi anayeyashika kila siku bila glavu, mafuta hayo si salama kwa ngozi. Na kwa wakaaji wote kuna suala la maji. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira, EPA, linasema mafuta ya vidanje moja tu yanaweza kuharibu maji safi yaliyo mara milioni moja ya ujazo wake. Familia nyingi za Baraka na vijiji vya ufuo zinachota maji ya ziwa na ya mito. Kinachotiririka chini ya gari linalovuka mto kinafika kwenye ndoo ya mtu.

Mawese nayo si suluhisho. Ni chakula, na yakikaa juani yanachacha na kutoa asidi inayokula chuma.

Kazi inayofaa, hatua kwa hatua

Kinga nzuri si lazima iwe ya bei kubwa, lakini inahitaji mpangilio. Wakati wake ni kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8, kwa sababu rangi na lami havishiki juu ya chuma chenye unyevu.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Udongo mgumu ulainishwe kwa maji kwanza, kisha utolewe kwa kijiti au brosi ngumu, na mwisho upigwe kwa maji. Matundu ya shasi yafunguliwe kwa waya, na maji yaingizwe ndani ya mihimili mpaka yatoke yakiwa masafi. Bomba lenye nguvu lisielekezwe kwa karibu kwenye nyaya za umeme wala kwenye bearingi. Kazi hii ifanywe mahali ambapo maji machafu hayaingii moja kwa moja ziwani au mtoni.

Hatua ya pili ni kukausha. Siku moja kamili ya jua, gari likiwa limeinuliwa kidogo upande mmoja ili maji yatoke, inatosha kwa sehemu za nje. Ndani ya mihimili inahitaji siku mbili au zaidi.

Hatua ya tatu ni kukwangua. Maganda yote yaondolewe kwa nyundo ndogo, brosi ya waya na msasa, mpaka chuma kigumu kionekane. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu ni sehemu ya kuchosha. Rangi iliyopakwa juu ya maganda haizuii chochote. Inafunika unyevu uliobaki ndani, na kutu inaendelea bila kuonekana. Anayekwangua afunike macho, pua na mdomo, na watoto wakae mbali, kwa sababu baadhi ya rangi za zamani za kuzuia kutu, hasa zile nyekundu, zina risasi ambayo ni sumu.

Hatua ya nne ni kugeuza kutu iliyobaki kwenye vishimo vidogo. Kuna dawa za maji zenye asidi ya fosforasi zinazobadilisha kutu nyepesi kuwa tabaka jeusi lisiloendelea. Zinahitaji glavu. Hazifai kwa ganda nene, na haziwezi kurudisha chuma kilichokwisha kuliwa.

Hatua ya tano ni rangi ya msingi ya kuzuia kutu, ikiwezekana yenye zinki, mikono miwili, ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Zinki ina faida ya pekee: rangi ikikwanguliwa kidogo na jiwe, zinki inaliwa kwanza badala ya chuma. Juu yake inaweza kuwekwa lami ya magari, ile nyeusi inayobaki laini na kuvumilia mawe.

Hatua ya sita ni ndani ya mihimili, ambako brosi haiingii. Huko kunafaa nta ya maji ya kupuliza, au grisi safi iliyolainishwa kwa mafuta mapya, ikiingizwa kwa mrija kupitia matundu. Baada ya hapo matundu yahakikishwe tena kuwa wazi. Kuyaziba kwa lami ni kosa linaloharibu kazi yote.

Kuna sehemu zisizopakwa kabisa: diski na ngoma za freni, bomba la moshi, mipira, nyaya, shimoni inayozunguka na matundu ya kupumulia ya ponti.

Freni kwanza, uzuri baadaye

Kati ya vitu vyote vilivyo chini ya gari, mirija ya freni ndiyo inayotakiwa kuangaliwa mbele ya vingine. Ni myembamba, imetengenezwa kwa chuma katika magari mengi, na imeshikwa kwenye shasi kwa vibanio vidogo vinavyokusanya potopoto. Kutu inaanza chini ya kibanio, mahali pasipoonekana.

Mrija ulioliwa unaweza kuvumilia freni nyepesi kwa miezi. Unapasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu zote, yaani siku anapouhitaji zaidi. Barabara ya kutoka Fizi inashuka kutoka milimani hadi ufuo wa ziwa, na gari lenye mzigo linategemea freni kwa sehemu kubwa ya mteremko huo.

Mrija wenye vishimo haupakwi rangi, unabadilishwa. Wa kubadilishia uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya freni. Mrija wa shaba wa friji au kipande kilichoungwa kwa kuchomelea havikuundwa kubeba nguvu hiyo.

Kuchomelea shasi nako kuna masharti yake. Batri ifunguliwe, tanki liondolewe na si kufunikwa kwa kitambaa kilicholowa, na chuma kilichooza kikatwe mpaka kufikia chuma kizima. Bati jipya lililochomelewa juu ya bati bovu linang'oka pamoja nalo. Moto wa kuchomelea unaunguza pia rangi ya upande wa ndani, kwa hiyo pale palipochomelewa ndipo kutu itakaporudi kwanza kama hapakupakwa tena pande zote mbili.

Pikipiki nazo hazijaachwa. Fremu ya pikipiki ni mrija mtupu, na potopoto hukusanyika chini ya injini, nyuma ya gurudumu la nyuma na pale mguu wa kusimamishia unapofungwa. Ufa kwenye fremu hiyo, na abiria wawili nyuma, hauachi nafasi ya kujitetea. Ndoo mbili za maji na kitambaa kikavu kila jioni vinatosha kuzuia sehemu kubwa ya hasara.

Nani analipa saa ya kuosha?

Kama njia inajulikana, na sehemu kubwa ya kazi ni maji na jasho, kwa nini magari mengi yanaendelea kuoza? Jibu moja liko kwenye namna gari linavyoendeshwa kibiashara.

Mara nyingi mwenye gari si dereva. Anaweza kuwa anaishi Uvira, Bukavu au Bujumbura, na anachosubiri ni malipo ya kila siku au ya kila safari. Dereva anahesabu safari. Saa mbili za kuosha chini ya gari ni saa mbili bila abiria, na faida yake itaonekana baada ya miaka mitatu, pengine mikononi mwa dereva mwingine. Kila mmoja anaona kazi hiyo ni ya mwenzake, na potopoto inabaki pale pale.

Mashirika makubwa ya misaada hufanya tofauti kwa sababu yana ratiba ya matengenezo. Gari linaingia garaji kwa tarehe au kwa kilomita, si kwa kuharibika. Mwenye gari moja anaweza kuiga jambo hilo bila kuwa na garaji. Anaweza kukubaliana na dereva wake siku moja ya mwezi isiyo na malipo ya kupeleka, ambayo gari linaoshwa chini na kuangaliwa, na pesa ya maji na ya kijana wa kusaidia ikatoka kwa mwenye gari. Katika kiangazi, siku nne au tano za kazi kamili.

Siku hizo zinaonekana nyingi kwa anayehesabu mapato ya wiki. Zinaonekana chache kwa aliyewahi kutafuta kipuri cha shasi huko Baraka wakati barabara ya Uvira imefungwa kwa mafuriko au kwa ukosefu wa usalama, na kipuri kinatakiwa kuvuka ziwa kutoka Kigoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unajengwa kwa dola.

Serikali nayo ina nafasi yake. Sheria inadai magari yapite kwenye uchunguzi wa kiufundi. Uchunguzi huo utakuwa na maana kwa abiria wa Fizi pale gari litakapoinuliwa, shasi ikagongwa na mirija ya freni ikaangaliwa, mbali na karatasi zake. Na madaraja yaliyosimama yangepunguza idadi ya mara ambazo gari linaoga mtoni kwa lazima.

Kabla hayo hayajafika, dereva anayerudi Baraka jioni ana jambo moja analoweza kufanya leo: kabla ya kuegesha, apitishe mkono ndani ya matundu ya magurudumu na juu ya resori, aondoe potopoto ikiwa bado mbichi. Ikiwa mbichi inatoka kwa mkono. Ikishakauka itahitaji nyundo.